Sekunde Mbili Ni za Nani?

Kila aliyekalia kiti cha prodyuza kwa muda ameshaulizwa swali hili, na mara nyingi huulizwa usiku wa manane, ngoma ikiwa imeshaiva: "Hivi ni sekunde ngapi za rekodi ya mtu mwingine naruhusiwa kuchukua bila kushtakiwa?" Majibu hayakosekani. Mmoja atakwambia sita. Mwingine atasema mwisho ni baa nne. Yupo atakayeapa kwamba ukishapandisha ufunguo na kukimbiza kasi kidogo, sauti imeshakuwa yako. Kila mmoja anajibu kama aliyesoma mahali. Mbane kidogo umuulize ni wapi, atakwambia aliambiwa.

Hakuna sheria ya sekunde. Tazama kesi zenyewe. Mwaka 2005, mahakama ya rufaa ya Marekani inayokaa Cincinnati iliamua juu ya kipande cha gitaa cha sekunde mbili, kilichotoka kwenye rekodi ya bendi ya Funkadelic kikaingia kwenye ngoma ya kundi la rapu la N.W.A. Kipande kilikuwa kimeshushwa ufunguo na kurudiwarudiwa hadi mahakama ya chini ikaona hakuna msikilizaji wa kawaida ambaye angekitambua. Mahakama ya rufaa haikujali. Iliandika sentensi ambayo wanasheria wa muziki wanaikariri mpaka leo: chukua leseni, la sivyo usichukue sampuli, yaani kipande cha rekodi ya mwingine. Mwaka 2016 mahakama nyingine ya rufaa ya nchi hiyohiyo, ile ya majimbo ya magharibi, ikaletewa mlio wa ala za kupuliza wa sekunde 0.23 uliosikika kwenye "Vogue" ya Madonna. Hiyo ikasema waziwazi kwamba haikubaliani na wenzao wa Cincinnati, na kwamba kitu kidogo kiasi hicho si kosa. Mwaka 2019 ikaja zamu ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, kwa sekunde kama mbili za rekodi ya kundi la Kijerumani la Kraftwerk ya mwaka 1977. Majaji wa Luxembourg walisema hata kipande kifupi sana kinahitaji ruhusa, isipokuwa kimegeuzwa mpaka sikio lisikitambue.

Zisome pamoja uone kichekesho chake. Kuigeuza sauti hadi isitambulike hakukusaidii Cincinnati, lakini kunakuokoa Luxembourg. Na ngoma ikishapandishwa mtandaoni haichagui mahakama, inafika kote dakika ileile.

Binafsi naona majaji wa 2016 waliisoma sheria vizuri kuliko wale wa 2005. Lakini hilo linamfaa nani? Kuwa na haki ya kushinda kesi ni jambo moja, kuwa na uwezo wa kuiendesha ni jingine, na prodyuza anayefanyia kazi chumbani kwake hana wakili wa kukaa naye miaka. Kesi ya Kraftwerk imezunguka mahakamani kwa zaidi ya miaka 20. Anayehesabu sekunde anajiandaa kukamatwa. Anayetaka kuachia ngoma akalala usingizi ana swali lake tofauti: ndani ya sauti hii, nani ana nini?

Ndani ya kila rekodi mna mali mbili. Kuna utunzi, yaani melodi, mashairi na mpangilio wa noti, ambao unaweza kuwapo kwenye karatasi hata kama hakuna aliyewahi kuuimba. Na kuna masta, yaani sauti yenyewe iliyonaswa siku fulani, studio fulani, kwa pumzi ya mtu fulani. Mara nyingi mwenye huu si mwenye hii. Watu wa kazi hii wanalijua jambo hili kwa kichwa, ila haliwaingii sawasawa mpaka waone lilivyomfanya James Newton.

Newton ni mpiga filimbi wa jazi. Kwenye rekodi yake moja ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 anashikilia noti ya C kwa filimbi, na wakati huohuo anaimba ndani ya filimbi ileile: C, anapanda nusu hatua, anarudi C. Noti tatu, sekunde sita, basi. Lakini pumzi inagongana na sauti ya koo, mlio unapasuka, na unachosikia ni kama kundi la watu wanaitana kutoka mbali. Mwaka 1992 kundi la rapu la Beastie Boys wakakitaka kipande hicho. Wakaenda kwa ECM, kampuni iliyoshika haki za masta, wakalipa dola 1,000 mara moja, wakapewa. Kwa Newton, ambaye ndiye mtunzi, hawakwenda. Kipande kikazungushwa zaidi ya mara 40 ndani ya ngoma yao.

Newton alishtaki, akashindwa. Jinsi alivyoshindwa ndiko kunakoniuma. Mahakama ilisema masta imeshalipiwa, kwa hiyo chochote kilichotokana na namna Newton alivyopiga siku ile, yaani pumzi, mkwaruzo na ule mlio uliopasuka, hakina nafasi kwenye kesi. Ukishaviweka hivyo kando, kwenye karatasi ya utunzi kunabaki nini? Noti tatu juu ya noti moja. Hizo ni chache mno kumtia mtu hatiani. Kile kilichokifanya kipande kitamanike kilitoka mapafuni mwake, lakini kisheria kilikuwa kinakaa ndani ya mali ya kampuni.

The Verve, bendi ya Uingereza, walikumbana na pengo hilohilo, wakaanguka nalo. Wimbo wao mkubwa wa 1997, "Bitter Sweet Symphony", ulibebwa na sampuli ya rekodi ya Andrew Oldham Orchestra. Ruhusa ya masta waliipata kwa kampuni ya rekodi ya Decca. Utunzi uliokuwa chini ya rekodi ile ulikuwa wa Mick Jagger na Keith Richards wa Rolling Stones, na haki zake zilikuwa mikononi mwa kampuni ya ABKCO. Ruhusa hiyo hawakuwa nayo. Walipokaa mezani kuzungumza, wimbo ulikuwa umeshakamilika, hakuna wa kuurudisha nyuma. ABKCO imeshika mpini, wao wameshika makali. Mirabaha ya utunzi yote ikaenda upande wa pili, hadi 2019, pale Jagger na Richards walipoamua kumrudishia Richard Ashcroft, mwimbaji wa The Verve. Miaka 22, kwa pengo la karatasi moja.

Wengi wetu leseni tunaifanya kazi ya mwisho. Kwanza biti, kisha vokali, miksi, kava, ndipo mtu anakumbuka, "Aisee, ile sampuli." Wakati huo msanii ameshaizoea, meneja ameshaipenda, tarehe ya kuachia imeshatangazwa. Ni sawa na kwenda kupatana kodi ya nyumba wakati makochi yako yameshapangwa sebuleni. Mwenye nyumba ana macho.

Tena bei hii haina anayeipanga. Marekani, mtu akitaka kuimba upya wimbo mzima ulioshatoka, sheria ina leseni ya lazima yenye viwango vyake, na mtunzi hawezi kumzuia. Akitaka sekunde mbili za masta, mwenyewe anaweza kukataa bila kutoa sababu, au akataja bei yoyote inayomjia. Anaweza kudai malipo ya mwanzo, sehemu ya mapato ya rekodi, na juu yake sehemu ya utunzi wako. Ukiwa umechukua sampuli tatu kwenye ngoma moja na kila mwenye utunzi akadai nusu, hesabu hiyo haifungi, na siyo mzaha. Ngoma zimekufa hivyo.

Nilichojifunza, na naona ni bora kuliko ushauri mwingi wa mawakili niliousikia, ni kutengeneza toleo la pili lisilo na sampuli kabla ya kumwandikia mtu yeyote barua. Lisiwe la kubabaisha. Liwe toleo ambalo kweli unaweza kuliachia. Likisimama, unakwenda kuomba ruhusa ukiwa unaweza kuondoka mezani. Likianguka, umeshajua kwamba wimbo si wako, ni wa yule uliyemkata.

Jambo la pili ni upana wa ruhusa yenyewe. Albamu ya kwanza ya kundi la rapu la De La Soul ilitoka 1989 ikiwa imejaa sampuli, na mikataba ya sampuli hizo iliandikwa enzi za santuri na kanda. Zilipokuja huduma za kusikiliza muziki mtandaoni, maneno ya mikataba ile hayakuzifikia. Watu waliozaliwa baada ya albamu hiyo wakakua, wakaoa, bila kuipata mahali pa halali pa kuisikiliza mtandaoni, mpaka Machi 2023. Kwa hiyo leseni inayotaja aina moja ya matumizi, nchi moja au miaka mitano usiisaini kwa furaha ya siku hiyo. Itakuja kuisha, na wimbo bado upo hewani.

Wapo wanaokwepa masta kwa kupiga upya. Unamwita mpiga gitaa, anakaa mbele ya maikrofoni, anaiga kila kitu, na unabaki na mtu mmoja tu wa kumwomba: mwenye utunzi. Sheria ya Marekani inaruhusu kuiga sauti ya rekodi mradi hukuinakili rekodi yenyewe, na kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni hiyo. Ni njia nzuri. Ila mara nyingi ulichokipenda kwenye ile rekodi hakikuwa noti. Kilikuwa mlio wa chumba, uzee wa kanda, mpiga dramu aliyechelewa nukta moja kwenye pigo la nne. Huwezi kumlipa mtu achelewe vilevile.

Vijana wataniambia haya ni mambo ya wazee wa santuri. Wao wananunua pakiti za sauti zilizokwisha kurekodiwa, zimeandikwa "bila mirabaha", shida iko wapi? Shida iko kwenye maneno hayohayo. Bila mirabaha maana yake ni kwamba ukishalipa mwanzoni hudaiwi kila wimbo unapochezwa. Hayasemi sauti ni ya bure, na wala hayasemi ni yako. Umepewa ruhusa ya kuitumia ndani ya wimbo, pamoja na maelfu ya wengine waliopewa ruhusa ileile. Kwa kawaida huwezi kuitoa ilivyo ukaiuza peke yake, na huwezi kumzuia mwingine asiitumie.

Mimi limenikuta. Nilinunua lupu ya kinanda, yaani kipande kifupi cha kurudiarudia, nikaipenda, nikaiacha karibu peke yake kwenye utangulizi wa wimbo, kama sekunde 12 hivi, bila dramu, bila besi. Siku mbili baada ya video kupanda likaja dai kwamba sauti ile ni mali ya msanii mwingine. Nikamtafuta, nikamsikiliza. Lupu ileile, ufunguo uleule, yeye ameilaza chini ya rapu. Hakuwa ameiba, na mimi sikuwa nimeiba. Alichofanya, yeye au msambazaji wake, ni kuisajili ngoma kwenye mfumo wa utambuzi kana kwamba kila mlio ndani yake ni wake peke yake. Content ID ya YouTube, ambayo ipo tangu 2007, inataka kitu kinachosajiliwa kiwe na mmiliki mmoja wa kipekee, na lupu ya pakiti haiwezi kuwa hivyo. Kilichoniokoa ni risiti. Ilinichukua wiki tatu za kuandikiana, na siku nzima ya kuitafuta risiti yenyewe kwenye anwani ya barua pepe niliyokuwa nimeacha kuitumia. Tangu hapo lupu ya kununua haikai uchi kwenye wimbo wangu; naikata, naipindua, nafunika.

Sauti za kugawiwa bure nazo zina masharti. Freesound, hazina iliyoanzishwa 2005 kwenye chuo kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona, ina leseni za Creative Commons, yaani ruhusa za wazi ambazo mwenye kazi huchagua masharti yake, za aina zaidi ya moja, na kila sauti ina yake. Nyingine mwenyewe ameachia kila kitu. Nyingine anataka jina lake litajwe tu. Nyingine amekataza biashara, na hapo wengi wanateleza, wakidhani biashara ni mamilioni. Wimbo uliowekwa mahali panapolipa kwa kusikilizwa ni biashara hata kama umeingiza senti.

Kuhusu programu za kutenganisha sauti sina mengi. Deezer, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, walitoa ya kwao, Spleeter, bure kwa kila mtu mwaka 2019, na sasa kuchomoa vokali kwenye wimbo ulioshamiksiwa ni kazi ya dakika. Imerahisisha kukata. Hati za umiliki hazijaguswa.

Nirudi kwa watu. Katika mazungumzo yote haya ya leseni kuna mtu ambaye hatajwi, naye ndiye aliyepiga. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na sijui methali inayoieleza sheria ya sampuli vizuri kuliko hiyo. Mwaka 1969 bendi ya The Winstons ilirekodi "Amen, Brother" kama upande wa pili wa santuri. Katikati ya wimbo wenzake wananyamaza na Gregory Coleman anapiga dramu peke yake, baa nne, kama sekunde saba. Baa hizo zikawa mgongo wa jungle na drum and bass, aina za muziki wa dansi wa kielektroniki, zikaingia kwenye maelfu ya ngoma, pengine na uliyoisikiliza leo. Coleman hakupata chochote kwa hizo. Alifariki 2006. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, aliyekuwa na haki za wimbo, alikaa miongo kadhaa bila mirabaha ya sampuli, hadi 2015 mashabiki walipochangishana mtandaoni wakamkabidhi kama pauni 24,000. Mpiga dramu alikuwa ameshaondoka.

Sasa jiulize: hata kama kila prodyuza angelipa leseni tangu siku ya kwanza, Coleman angepata nini? Hakuandikwa kama mtunzi. Masta haikuwa yake. Clyde Stubblefield, aliyempigia James Brown dramu za "Funky Drummer", alikuwa kwenye hali hiyohiyo hadi alipofariki 2017. Mfumo mzima ungefanya kazi bila kasoro, na fedha zingepita pembeni ya mikono iliyoshika fimbo.

Ya Afunakwa ni nzito zaidi. Alikuwa mwanamke wa jamii ya Baegu, kisiwa cha Malaita, Visiwa vya Solomon, aliyeimba wimbo wa kumbembeleza mtoto mbele ya kinasa sauti cha mtafiti Hugo Zemp. Rekodi ikatolewa kwenye mfululizo wa UNESCO. Mwaka 1992 sauti yake ikaibukia kwenye "Sweet Lullaby" ya kundi la Kifaransa la Deep Forest, katika albamu iliyojinadi kwa sauti za watu wa misitu ya Afrika ya Kati, bahari mbili mbali na kwao. Mamilioni walimsikia, na wengi hawakujua wanamsikia nani, wala anatoka wapi. Leseni safi kabisa ingemlipa mwenye kanda. Wimbo wenyewe, kwa kuwa umerithishwa mdomo kwa mdomo, kwa macho ya sheria nyingi hauna mtunzi.

Kwa hiyo nasema leseni ni sakafu tu. Ukishamlipa mwenye masta na mwenye utunzi, bado kuna kazi ya kumtafuta aliyepiga na kumwandika jina. Na pale ambapo wewe ndiye unayerekodi, huna kisingizio. Ukimwita mpiga tarumbeta akakupigia milio 20 ya kuweka kwenye pakiti yako, muwekee asilimia yake kwenye mkataba siku hiyohiyo, kabla hajafunga kasha. Najua prodyuza watakaosema hilo haliendani na biashara. Haohao ndio wanaolalamika biti zao zinapochukuliwa bila jina.

Na yote hayo yanahitaji ujue ulichochukua ulikitoa wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi kila sampuli ninayoikata inapata mstari wake kabla sijaigusa: jina la rekodi, mwaka, aliyepiga kama ametajwa, nilikoipata, masharti yake, na dakika inapoanzia. Sikuzaliwa na nidhamu hiyo.

Kwenye diski yangu ya zamani kuna faili linaloitwa "mama_final2". Ndani yake mna sauti ya mwanamke, sekunde nne, nimeikata mwenyewe miaka mingi iliyopita kutoka mahali nisipopakumbuka, kisha nikaijengea wimbo ambao naamini ndio bora kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Nimejaribu programu za kutambua nyimbo, nimewachezea watu wanaojua kuliko mimi, hakuna aliyemtambua. Lugha anayoimba siijui. Kila baada ya miezi kadhaa nalifungua, nasikiliza hadi pale anapovuta pumzi kabla ya neno la pili, halafu nalifunga.